Kasri la Masultani: Somo la Ufalme Uliopita



Ndugu msomaji, wajua kwamba hadi mwaka 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea pale Fort Jesus, Mombasa? Ukanda wetu wa Pwani, upana wa maili 10, ulihesabiwa kuwa ni wake. Waingereza waliutawala tangu 1895 kwa kumlipa kila mwaka. Basi hebu twende tukaione nyumba aliyokuwa akikaa.

Ni Beit al-Sahel, kasri linaloitazama bahari katika Mji Mkongwe, Unguja, jirani na Beit al-Ajaib. La kwanza lilijengwa enzi za Seyyid Said bin Sultan. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa 3 asubuhi, manowari zao zikaanza kupiga mizinga. Vita havikufika hata saa moja! Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na kasri likabomoka.

Likajengwa jengine, masultani wakakaa humo mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Sultan Jamshid bin Abdullah akakimbia kwa meli. Alitaka kushuka Mombasa, Kenya ikamkatalia. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu Kenya ipate uhuru na bendera yake kuondoka Pwani. Alifariki Oman mwezi wa Disemba 2024. Kasri lenyewe lilitumiwa na serikali, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho.

Sasa, vijana wenzangu, kuna wanaozitamani enzi hizo wakidhani zilikuwa asali tupu. Tuseme kweli. Utajiri wa kasri lile ulitoka kwa karafuu na pembe za ndovu, na pia kwa jasho la watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, tena kwa kushurutishwa. Na sisi dini yetu yatufundisha kuwa kumwacha huru mtumwa ni ibada, hata katika kafara ya funga latajwa mwanzo. Tusiwatetee wafalme kwa jambo ambalo dini yetu haikulipamba.

Lakini pia tusitupe kila kitu. Sultani alipouachilia ukanda wa Pwani mwaka 1963, Mahakama za Kadhi zililindwa katika makubaliano. Leo zimo katika Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170. Mirathi na ndoa zetu zaamuliwa humo. Wangapi kati yetu twajua zilikotoka? Asiyejua haki yake ilikotoka hawezi kuitetea.

Ubavuni mwa kasri kuna makaburi ya masultani. Seyyid Said, aliyefariki 1856, alianza kujengewa kuba kubwa juu ya kaburi lake, lakini halikumalizwa. Ukijaaliwa kufika Unguja, simama hapo, uwaombee maghufira, kisha ujiulize wewe utaacha nini. Ufalme wa kudumu ni wa Allah (S.W.) peke yake.

Allah atutakabalie funga zetu. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq.