Programu Huria na Deni la Mwongozo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanyabiashara inawafaa pia waundaji wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Hoja yangu wiki hii ni kwamba uhuru huo haukamiliki mpaka mwongozo wa programu uandikwe kwa lugha anayoielewa mtumiaji.

Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, kilio kilikuwa juu ya msimbo. Baadaye ikadhihirika kwamba kufungua msimbo na kufunga mwongozo ni kazi nusu. Programu ikibadilishwa, mwongozo usiobadilika hugeuka mwongo. Ndiyo maana mwaka wa 2000 shirika lake, Free Software Foundation, lilitoa leseni maalumu ya miongozo.

Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 katika mradi wa Kilinux. Mwaka wa 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya aina hii huhitaji istilahi kwanza. Mfasiri mmoja akiandika 'hifadhi' na mwenzake 'weka', mtumiaji atadhani ni amri mbili. Wakenya shuleni hufunzwa 'tarakilishi' na 'puku'. Watanzania husema 'kompyuta' na 'kipanya'. Yote ni sawa, almuradi mwongozo mmoja usiyachanganye.

Mwaka huo huo, mahitaji ya mpango wa AMPATH wa kutibu Ukimwi kule Eldoret yalizaa OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Sasa hebu tumfikirie mhudumu wa afya aliye Todonyang, kwenye mpaka wa Ethiopia, kando ya Ziwa Turkana. Fundi yuko Lodwar, na simu nayo ina siku zake. Mgonjwa keshaketi. Jina lake linatokea mara mbili. Je, hawa ni watu wawili, au ni mmoja aliyesajiliwa Kakuma kisha akasajiliwa tena hapa? Mhudumu akiunganisha rekodi visivyo, dawa za mmoja zitaandikwa kwa mwingine. Hapo ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri ndio fundi wa pekee aliyepo.

Wapo watakaosema, "Si wamesoma kwa Kiingereza? Shida iko wapi?" Kweli, wamesoma. Lakini kupita mtihani kwa lugha fulani si sawa na kufuata hatua saba kwa haraka huku foleni ikingoja. Isitoshe, kwa wengi Turkana Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Kwa hiyo mwongozo utumie sentensi fupi, kila hatua na kitendo kimoja, bila istilahi za kujionyesha.

Miradi huria hupokea michango ya yeyote, na mchango si msimbo pekee. Wanafunzi wetu wa isimu na tafsiri wana nafasi hapa. Waandike mwongozo, waupeleke kituoni, wamtazame mhudumu akiufuata kimyakimya. Pale atakaposita, kosa ni la sentensi, wala si lake. Hiyo ndiyo sentensi ya kuandikwa upya.