Miamba bandia ya mandhari ndogo

Miamba bandia ni maumbo ya jasi, povu gumu au saruji yanayotengenezwa kuiga mawe halisi katika reli za mfano, michezo ya vita ya vinyago na matangi ya samaki. Njia iliyozoeleka zaidi ni ya kalibu. Utomvu wa mpira hupakwa tabaka kwa tabaka juu ya jiwe la kweli, ukikauka hubanduliwa, kisha humiminiwa uji wa jasi, yaani plasta ya Paris. Plasta huganda baada ya dakika chache huku ikitoa joto. Ikibandikwa kwenye mlima kabla haijawa ngumu kabisa, hukubali kufuata mteremko. Foili ya alumini iliyofinyangwafinyangwa nayo hutosha kuwa kalibu ya haraka.

Rangi ndiyo inayoumbua kazi. Kijivu kimoja kizito hulifanya jiwe lionekane kama ukuta wa choo. Kwa kuwa plasta hunyonya, hutumiwa rangi zilizozimuliwa sana kwa maji: madoa ya manjano ya udongo, kisha ya hudhurungi, yakiachiana nafasi, na mwisho nyeusi hafifu inayotiririkia kwenye nyufa na kuyaunganisha yote. Yakikauka, brashi karibu kavu yenye rangi ya maziwa hupitishwa kwenye kingo tu.

Ndani ya tangi la samaki jasi haifai, maana huyeyuka polepole. Saruji mbichi huongeza alkali majini, hivyo hulowekwa na kubadilishiwa maji mara nyingi kwanza, hata kwa samaki aina ya sikilidi wa miambani wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji ya alkali.