Siku moja Bunia: tumbo lishibe, miguu ifike jioni

Mtu anayetoka Komanda, Mahagi, Mongbwalu ao Kasenyi haji Bunia kutembea bure. Anakuja na karatasi ya hospitali, faili ya mtoto anayeingia chuo, simu iliyokufa, na orodha ya vitu ambavyo majirani wamemtuma. Tangu Ituri iwe jimbo kamili mwaka 2015 na Bunia kuwa makao yake makuu, ofisi nyingi ziko hapa. Halafu kuna mambo ya usalama: kwenye barabara namba 4 ya Komanda na namba 27 ya Mahagi, wasafiri wengi wanataka kutembea paka mchana. Basi kazi ya siku tatu inasukumwa katika siku moja.

Ndiyo maana wengine wanafika mbele ya dirisha la ofisi saa nane ya mchana kichwa kikizunguka na miguu ikiwaka. Wanasema ni uchovu wa safari. Mara nyingi ni njaa, tena kiu.

Kiu ya Bunia inadanganya. Mji uko kwenye mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, wakati Ziwa Albert liko chini, kwenye mita 600 na kidogo. Mtu wa Kasenyi ao Tchomia anayepanda Bunia anaona hewa ni baridi, jasho halionekani, anasahau kunywa. Vumbi nayo inakausha koo, zaidi katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari. Wamama wengi wanajinyima maji kwa makusudi kwa sababu hawajui choo watapata wapi. Hilo ni tatizo la kweli, si uvivu. Dawa yake ni kuuliza choo kwanza, mbele ya kuanza mizunguko: kwenye malewa utakapokula, kwa ndugu, kanisani, hospitalini. Kisha kunywa kidogo kidogo, si lita nzima kwa mara moja.

Kuhusu chakula, kosa kubwa ni kubana makuta asubuhi kwa soda na biskuti. Sukari inapanda haraka, inashuka haraka, na saa mbili baadaye njaa inarudi na hasira juu. Kwa bei inayokaribia hiyo, sokoni kuna vitu vinavyokaa tumboni: viazi vitamu vya kuchemsha, makemba, yai la kuchemsha, karanga za kukaanga, avoka wakati wa msimu. Anayetoka nyumbani alfajiri anaweza kufunga viazi na karanga ndani ya mfuko. Hakuna anayemcheka mtu anayekula viazi vyake kwenye foleni, na akicheka, yeye ndiye atakayekuwa na njaa saa sita.

Saa sita ni saa ya malewa. Sahani ya kawaida ni bukari ya muhogo, mlima mkubwa, na mboga kidogo pembeni. Bukari inashibisha lakini peke yake haijengi mwili, tena inaleta usingizi. Mteja anaweza kusema bila haya: "Mama, punguza bukari, ongeza maharagi." Wauzaji wengi wanakubali. Maharagi, lenga-lenga, samaki wadogo wa ziwa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, yote ni chakula cha nguvu na bei yake si ya matajiri. Sombe ni nzuri ikiwa imetwangwa sana na kupikwa muda mrefu. Ile iliyoharakishwa bado ina sumu ya muhogo. Makayabu, samaki wa chumvi, ni mtamu, lakini chumvi nyingi inaongeza kiu na inafanya miguu ivimbe zaidi jioni. Mwenye tansio ya juu amwache.

Namna ya kuchagua malewa ni rahisi: angalia moshi na angalia watu. Chakula kitoke kwenye sufuria yenye moto, si kwenye sahani iliyofunikwa tangu asubuhi. Angalia pia kama kuna maji na sabuni. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, ndoo za kunawa mikono zilikuwa mbele ya milango mingi Bunia. Nyingi zimepotea, na ni hasara, kwa sababu kolera bado inarudia rudia kwenye kando ya Ziwa Albert. Tumbo likiharibika njiani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinasaidia wakati mgonjwa anapelekwa kituo cha afya.

Sasa miguu. Wengi wanavaa kiatu kipya kwa heshima ya mji, na hapo ndipo malengelenge yanapoanza. Kiatu cha Bunia ni kile ambacho mguu umekwisha kukizoea, chenye soli nene, pamoja na soksi. Kiatu cha heshima kikae ndani ya mfuko mpaka mlangoni pa ofisi. Anayenunua viatu sokoni avipime mchana ao jioni, wakati mguu umekwisha kupanuka. Kinachoingia vizuri asubuhi kinaweza kubana saa kumi.

Kisha panga njia. Kazi za upande mmoja wa Boulevard de Libération zimalizike pamoja, na soko liwe la mwisho ili mzigo usizunguke mji wote juu ya kichwa. Moto si anasa kama inaokoa mguu wa mgonjwa ao mzee. Patana bei kabla ya kupanda. Na kushuka, shuka upande wa kushoto: kwenye moto nyingi bomba la moshi liko kuume, na kovu la mviringo kwenye mguu wa abiria linajulikana katika kila mtaa. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia hapana.

Jioni, osha miguu, ikaushe mpaka katikati ya vidole, lala ukiiweka juu ya ukuta kwa robo saa. Mwenzako anaweza kukanda kutoka kwenye nyayo kupanda kwenye goti. Lengelenge usilipasue, lifunike kwa kitambaa safi.

Mwenye ugonjwa wa sukari asitumbukize miguu ndani ya maji ya moto, kwa sababu huenda hasikii anavyoungua. Mtu mwingine apime maji kwa kiwiko, na kila kidonda kidogo kiangaliwe. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa, usikandwe: ni wa hospitali usiku huo huo. Vilevile mama mjamzito anayevimba uso na mikono, kichwa kikimuuma ao macho yakiona ukungu, asingoje gari la asubuhi kurudi kijijini.

Kwa wengine, gari likisimama kwenye barieri, ni nafasi ya kushuka na kutembea hatua chache.