Historia ya Kuripoti Idadi Isiyo Sahihi ya Hoja katika Amri za Tcl: Mfano wa Kumbukumbu za Pujini, Pemba

1.0 Utangulizi

Magofu ya Pujini, yaliyo kusini-mashariki mwa mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, huhusishwa na mtawala ambaye mapokeo ya kisiwa hicho humwita Mkama Ndume. Jina hilo lina maneno mawili, na jambo hilo dogo linatosha kuibua suala la insha hii. Mtu anayeandaa kumbukumbu za magofu hayo kwa lugha ya skripti ya Tcl akiandika amri:

set mtawala Mkama Ndume

kompyuta itamjibu:

wrong # args: should be "set varName ?newValue?"

Maana yake ni kwamba idadi ya hoja si sahihi, na kwamba amri ya set hupokea jina la kigeu na, kwa hiari, thamani mpya. Alama za kuuliza ndizo zinazoonyesha hiari hiyo. Insha hii inafuatilia historia ya ujumbe huo. Inadai kwamba mabadiliko yake yameleta ulinganifu, lakini ulinganifu huo ulipatikana kwa kupoteza sehemu ya maelezo ambayo mtumiaji aliyahitaji.

2.0 Kila Amri na Ukaguzi Wake

John Ousterhout alianza kuandika Tcl mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zana za kusanifu saketi zilizotengenezwa huko zilikuwa kila moja na lugha yake ya amri, na lugha hizo zilikuwa dhaifu. Tcl ilikusudiwa kuwa lugha moja inayoweza kupachikwa ndani ya zana yoyote.

Katika matoleo ya mwanzo, amri iliyoandikwa kwa lugha ya C ilikabidhiwa orodha ya maneno pamoja na idadi yake, jina la amri yenyewe likihesabiwa. Kuikagua idadi hiyo lilikuwa jukumu la mwandishi wa amri, ambaye pia aliunda ujumbe wa kosa kwa mkono wake. Kwa hiyo ulinganifu ulitegemea desturi na uangalifu.

Taratibu zilizoandikwa na watumiaji kwa Tcl yenyewe zilikuwa na ujumbe tofauti. Hoja ilipokosekana, kifasiri kilitaja jina la hoja hiyo na jina la utaratibu uliokuwa ukiiitaji. Hoja zilipozidi, kilisema tu kwamba zimezidi.

3.0 Ukaguzi Unapopewa Chombo cha Pamoja

Toleo la Tcl 8.0, lililotoka mwaka 1997, lilibadili namna ya kuhifadhi thamani ndani ya kifasiri na kuleta funksheni ya Tcl_WrongNumArgs. Mwandishi wa amri aliendelea kuhesabu hoja, lakini uundaji wa ujumbe ulihamia mahali pamoja. Funksheni hiyo ilikuwa na faida nyingine: mtumiaji aliyefupisha jina la amri ndogo, kwa mfano kuandika string len, aliweza kuonyeshwa jina kamili, string length. Ujumbe wa kosa ukawa pia somo la matumizi sahihi.

Baadaye, ndani ya mfululizo wa matoleo ya 8, taratibu za watumiaji nazo ziliingizwa katika muundo huohuo. Hapa ndipo hasara ilipojitokeza. Ujumbe mpya huonyesha hoja zote zinazotakiwa, ila hautaji tena ni ipi iliyokosekana, wala hausemi ni ngapi zilizopokewa. Msomaji hulazimika kulinganisha mwenyewe alichoandika na alichoonyeshwa.

Katika Tcl 8.6, iliyotolewa Desemba 2012, amri ya try iliwezesha programu kulitambua kosa hili kwa msimbo wake, TCL WRONGARGS, bila kutegemea maneno ya Kiingereza. Kwa mwandishi wa programu ya Kiswahili hatua hii ni muhimu, kwa kuwa anaweza kulinasa kosa na kulieleza kwa lugha ya watumiaji wake. Kwao alama ya # si lazima imaanishe idadi. Wengi huijua kama kitufe cha kumalizia amri za huduma za fedha kwenye simu.

4.0 Hitimisho

Katika mfano wa Pujini, mwandishi hakukosea kuhesabu. Alikuwa na thamani moja tu, yaani jina la mtu. Tcl hugawa mstari katika maneno kwa kufuata nafasi kabla amri haijaanza kazi, hivyo set ilipokea hoja tatu badala ya mbili. Dawa yake ni alama za kunukuu:

set mtawala "Mkama Ndume"

Ujumbe wa kosa hauielekezi dawa hiyo, kwa sababu amri hupokea maneno yaliyokwisha kugawanywa na haijui mgawanyo huo ulitokeaje. Majina kama Chake Chake na Ras Mkumbuu yataibua kosa lilelile. Historia iliyojadiliwa inaonyesha kuwa kuunganisha ujumbe kulirahisisha kazi ya watunzi wa amri. Mzigo wa kutafuta chanzo cha kosa ulibaki kwa mtumiaji, na ndiyo sababu mafunzo ya Tcl kwa Kiswahili yanapaswa kuanza na kanuni za kugawa maneno kabla ya kufundisha amri yenyewe.