Kutoka Garissa hadi ufuoni: Jinsi ya kupanga safari ya bahari na matembezi katika pwani ya Lamu

KAUNTI ya Garissa inapakana na Kaunti ya Lamu upande wa kusini, lakini yenyewe haifiki baharini. Mkazi wa mji wa Garissa anayetamani kuoga maji ya chumvi na kutembea kwa miguu kwenye fuo zisizo na msongamano hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 300. Safari hiyo haifai kuanzwa bila maandalizi. Barabara ni mbili, misimu ya pepo ni miwili, na maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kuna pia suala la usalama, ambalo tangu 2011 ndilo limekuwa likiamua ni sehemu gani za pwani hiyo mgeni anaweza kuzuru na ni zipi anapaswa kuziacha.

Barani Ulaya, wapenzi wa matembezi humiminika katika pwani za Bahari ya Mediterania zenye majabali na vijia vya kale. Nchini Uturuki, kwa mfano, njia ya Lycia iliyofunguliwa 1999 ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na mtembezi huifuata kwa kutazama alama za rangi zilizopakwa kwenye mawe. Pwani ya kaskazini mwa Kenya haina alama za aina hiyo. Njia zake ni za wavuvi, wafugaji na warina asali, na anayezijua ni mwenyeji. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza katika kupanga safari hii ni kumpata mwenyeji wa kuaminika; hoteli na vyombo vya usafiri hufuata baadaye.

Kuhusu wakati wa kwenda, wenyeji wa pwani huhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba. Kati ya Mei na Julai kusi huwa kali, bahari ya nje huchafuka na manahodha wengi hukataa kuvuka mikondo ya wazi kwa vyombo vidogo. Oktoba na Novemba bahari hutulia, lakini hicho ndicho kipindi cha mvua za vuli huku Garissa. Kwa anayetoka bara, Januari na Februari ndiyo miezi inayokubaliana na pande zote mbili: barabara ni kavu na maji ni maangavu. Joto huwa kali mno, ingawa mtu aliyelelewa Garissa huenda asione la ajabu katika hilo. Agosti na Septemba hufaa kwa matembezi ya nchi kavu, maana upepo hupoza jua, mradi msafiri asitarajie kupiga mbizi.

Mvua si jambo la kupuuzwa. Mnamo Novemba 2023, mafuriko ya El Nino yaliifunika barabara kati ya Garissa na Madogo, na Aprili 2024 hali hiyo ilijirudia. Mji ulitengwa na maelfu ya wasafiri wakalazimika kuvuka kwa mashua. Mojawapo ya mashua hizo ilipinduka mwishoni mwa Aprili mwaka huo na kusababisha vifo. Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote nchini, hupokea maji yake kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Unaweza basi kufurika Garissa ilhali mjini hapo halijanyesha tone. Anayesafiri kati ya Aprili na Juni, au kati ya Oktoba na Desemba, anafaa kuulizia hali ya mto siku moja kabla ya kuondoka, wala asitegemee habari za wiki iliyopita.

Barabara ya kwanza, ambayo ndiyo hutumiwa na wengi, huvuka daraja la Garissa hadi Madogo, kisha hufuata ukingo wa magharibi wa Tana kupitia Hola hadi Garsen. Mabasi yaendayo Mombasa hupita huko. Katika makutano ya Minjila, karibu na Garsen, abiria wa Lamu hushuka na kusubiri gari la Witu, Hindi na Mokowe. Sehemu hiyo ya mwisho, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa udongo na mashimo, sasa imetiwa lami. Mokowe ndiko bara linakokwisha. Hapo msafiri hupanda mashua na kufika mji wa Lamu kwa muda wa nusu saa hivi.

Barabara ya pili hubaki upande wa mashariki wa mto, ikipitia Bura, Masalani, Ijara na Bodhei hadi Hindi. (Msafiri asichanganye Bura ya Garissa na Bura ya Tana River yenye mradi wa kunyunyizia mashamba maji, ziko ng'ambo mbali mbali za mto mmoja.) Kwenye ramani hii ndiyo njia fupi, na imo katika mradi mkubwa wa LAPSSET unaokusudiwa kuiunganisha Bandari ya Lamu na Ethiopia pamoja na Sudan Kusini. Gati la kwanza la bandari hiyo lilizinduliwa Mei 2021. Hata hivyo, barabara hupita kando ya Msitu wa Boni, na magari ya wajenzi na ya walinda usalama yamewahi kushambuliwa kwa risasi na vilipuzi. Kwa anayesafiri kwa starehe, sehemu ya kati ya Ijara na Hindi haifai kwa sasa, hata kama dereva ataapa kwamba amepita jana na kurudi salama.

Njia yoyote itakayochaguliwa, ni muhimu kusafiri mchana. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, magari ya abiria kati ya Minjila na Lamu yamekuwa yakisindikizwa na polisi kwa vipindi tofauti, na vizuizi vya barabarani ni vingi. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha kitaifa, si nakala yake. Hapa msafiri kutoka Garissa ana mzigo ambao mwenzake wa Nyeri au Kisumu hana. Kwa miongo kadhaa vijana wa Kaskazini Mashariki walipitia msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, na wengi walikikosa. Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa utaratibu huo. Kwa aliyekuwa akisubiri, kadi hiyo sasa ndiyo tiketi ya kwanza ya safari yoyote, iwe ya kazi au ya matembezi.

Yamkini kituo cha kwanza chenye mvuto hakiko pwani kabisa. Kusini mwa kaunti, katika eneo la Masalani, kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, inayolindwa na wafugaji Wasomali kwa ajili ya hirola. Hirola ni aina ya swala mwenye uso mrefu na alama nyeupe mithili ya miwani baina ya macho, na hapatikani kiasili kwingineko duniani isipokuwa katika eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia. Idadi yake yote inakadiriwa kuwa chini ya 500. Mnamo 2012 hirola 48 waliingizwa ndani ya uzio maalumu huko Ishaqbini ili wazaliane mbali na simba na fisi, na idadi yao ikaongezeka zaidi ya maradufu katika miaka iliyofuata. Kabla ya hapo, 1963 na 1996, baadhi yao walikuwa wamehamishiwa Tsavo Mashariki. Anayetaka kuwaona hupaswa kuwasiliana na wasimamizi wa hifadhi mapema, na matembezi hufanywa na askari wa wanyamapori. Asiyeweza kufika huko anaweza walau kuanzia nyumbani: hifadhi ya twiga ya Bour-Algi iko kilomita chache tu kusini mwa mji wa Garissa, na twiga wake hutazamwa kwa miguu.

Lamu yenyewe ndiyo mahali ambapo mipango hulipa. Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mnamo 2001, na vichochoro vyake bado ni vya punda na waendao kwa miguu. Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa dakika 45 hivi kwa kufuata ufuo. Ni heri kuondoka maji yakiwa yamepwa, maana yakijaa njia ya chini hufunikwa. Baada ya Shela huanza mchanga wa takriban kilomita 12 ukielekea magharibi, bila kibanda wala kivuli. Anayetaka kuutembea wote hadi upande wa Kipungani aondoke alfajiri, abebe maji lita nne au tano, na awe amepatana na nahodha wa kumchukua mwishoni. Pembeni yake ni vilima vya mchanga vilivyo maarufu kwa sababu isiyoonekana kwa macho: huchuja maji ya mvua na kuyahifadhi chini, na visima vinavyonywesha mji wa Lamu hutegemea vilima hivyo. Wenyeji wamepigana kwa miaka mingi kuzuia majengo yasipande juu yake. Mgeni hupita, lakini hachimbi, hawashi moto wala hatupi taka.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliostawi katika karne ya 16 na ya 17 kisha ukahamwa. Inasemekana maji matamu yaliadimika na wakazi wakahamia Shela. Kaburi lake la mnara lina maandishi ya mwaka wa Hijria 1094, yaani takriban 1683. Njia ya kufika ni mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, nao hupitika maji yakijaa tu. Anayekawia kwenye magofu hukwama matopeni hadi maji yarudi, na nahodha hatalaumika kwa hilo.

Kwa mtembezi wa kweli, kisiwa cha Pate kina mengi zaidi. Huko kuna mji wa Pate, ngome ya Siyu iliyojengwa katika karne ya 19, Faza, na magofu ya Shanga ambako wanaakiolojia walifukua misikiti ya tangu karne ya 8. Vijia baina ya miji hiyo hupita kwenye minazi na mashamba, na siku mbili hutosha kwa mwendo wa pole. Vyombo vya kutoka Lamu hupita mlango wa Mkanda, ambao una kina kidogo, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika kila siku kufuatana na mwezi. Bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda sana na kushuka sana. Maji mafu tofauti huwa ndogo. Msafiri amwulize nahodha kuhusu hilo kabla ya kulipa.

Mbele zaidi kuna kisiwa cha Kiwayu na Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979. Hiyo ndiyo pwani ya majabali hasa: visiwa vidogo zaidi ya 50 vya matumbawe vilivyojipanga sambamba na bara, kasa wanaopanda kutaga mayai, na upande wa mashariki wa Kiwayu ukipigwa na mawimbi ya bahari kuu. Lakini Septemba 2011 watalii wawili Waingereza walivamiwa karibu na Kiwayu, mume akauawa na mkewe akatekwa nyara. Mwezi uliofuata mwanamke Mfaransa alitekwa Manda na kufia mikononi mwa watekaji. Utalii wa kaskazini mwa Lamu ulianguka, na wavuvi Wabajuni waliokuwa wakiongoza wageni walirudia nyavu zao. Uingereza na mataifa mengine yamewashauri raia wao kuepuka maeneo ya karibu na mpaka wa Somalia, na mtu anayekaidi ushauri wa serikali yake huenda akakosa fidia ya bima. Mkenya haongozwi na ushauri huo, lakini hatari ni ile ile. Kabla ya kwenda Kiwayu ni lazima kupata idhini na habari za siku hiyo kutoka kwa polisi wa Lamu na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS.

Hifadhi ya Boni, iliyoko upande wa Garissa, na ile ya Dodori iliyoko Lamu, zilitangazwa zote mbili 1976. Misitu yake ina tembo, paa nunga walio adimu, na sange mkubwa aliyenaswa na kamera za watafiti mnamo 2010. Tangu operesheni ya kijeshi ya Linda Boni ianzishwe Septemba 2015, msitu umefungwa. Waathiriwa wakuu si watalii bali ni Waboni, au Waaweer, ambao kwa vizazi walitegemea asali, matunda na mizizi ya humo. Wao ndio wangekuwa viongozi bora wa matembezi katika eneo zima. Msafiri anayefika Lamu anaweza angalau kuulizia asali yao sokoni na kuinunua kwa bei ya haki.

Kuhusu vifaa, viatu vya kufunga vinahitajika kwa sababu matumbawe hukata kama wembe, na nguo nyepesi za mikono mirefu hufaa kwa jua na kwa adabu. Mavazi ya kuogelea ni ya ufuoni tu. Chandarua na dawa ya mbu visisahaulike. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, Garissa na Lamu vilevile. Fedha taslimu za kutosha ni muhimu Pate na visiwa vya mbele, kwani mtandao wa simu hukatika.

Siku ya kurudi, mashua za Mokowe huanza kuondoka alfajiri. Anayelenga kufika Garissa kabla ya giza hulazimika kupanda ile ya kwanza, na hata hivyo, iwapo gari litachelewa Minjila, ni bora alale Garsen au Hola kuliko kusafiri usiku.