Tembe ya mifupa na kikombe cha asubuhi

MTAA wa Jericho, Nairobi, ulijengwa na baraza la jiji karibu na wakati wa Uhuru, na wengi wa waliolelewa katika nyumba zake sasa ni nyanya na babu. Asubuhi yao huanza kwa chai ya maziwa. Desturi hiyo ndiyo ya kwanza kugongana na tembe ya mifupa.

Ugonjwa wa udhaifu wa mifupa, ambao wataalamu huuita osteoporosisi, hauna kelele. Mfupa hupoteza uzito wake polepole, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, na mara nyingi dalili ya kwanza huwa ni mtu kuteleza bafuni akavunjika nyonga au mkono. Kwa hivyo, anayeanza matibabu kabla ya kuvunjika huwa hauhisi ugonjwa. Anachokihisi ni dawa. Ndipo wengine huiacha katika wiki za kwanza, wakiamini kuwa inawadhuru bure.

Dawa inayotumiwa sana ni alendroneti. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1995, na kufikia 1996 madaktari walikuwa wameripoti wagonjwa waliopata vidonda vya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Baadhi yao walikuwa wamemeza tembe kwa maji haba, wengine wakarejea kitandani papo hapo. Tembe hiyo ikikwama njiani huunguza utando wa umio. Mwaka wa 2000 ikaidhinishwa tembe ya miligramu 70 ya kumezwa mara moja kwa wiki, ambayo imewapunguzia wengi mzigo wa kumeza dawa kila siku.

Hata masharti yakifuatwa, mwili hufyonza chini ya asilimia 1 ya dawa yenyewe. Kahawa au maji ya machungwa hupunguza hicho kidogo kwa takriban asilimia 60, nayo kalsiamu iliyo katika maziwa huing'ang'ania dawa ikapita bila kufyonzwa. Anayeiteremsha kwa chai ya maziwa, basi, hubaki na hatari ya madhara huku faida ikimponyoka.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Chagua siku moja ya wiki. Ukiamka, kabla ya kutia chochote kinywani, imeze tembe nzima kwa bilauri iliyojaa maji matupu. Usiitafune wala kuimumunya. Kisha kaa wima, simama au tembea kwa nusu saa, bila chakula, chai wala dawa nyingine. Anayetumia ibandroneti, ya mara moja kwa mwezi, hungoja saa nzima. Kupiga deki na kazi nyingine za kuinama zingoje pia. Jumapili si siku mbaya kwa anayekwenda kanisani kwa miguu, maana safari yenyewe huimaliza nusu saa.

Kiungulia chepesi au tumbo kuuma kidogo si ajabu mwanzoni, na mara nyingi hupungua. Kwanza jiulize unavyomeza. Ukihitaji dawa ya kutuliza asidi, inywe baadaye, nusu saa ikiisha. Vidonge vya kalsiamu navyo ni heri vingoje mchana au jioni. Lakini ukiumwa unapomeza, chakula kikikwama, kifua kikichoma mno au choo kikiwa cheusi, acha tembe na uende kituo cha afya upesi.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi vya kutosha. Wazee wengi wenye maumivu ya magoti hujinunulia ibuprofeni au dikolofenaki katika duka la dawa. Hizo pekee huweza kulidhuru tumbo. Zikiongezwa juu ya tembe ya mifupa, hatari huzidi. Mweleze mfamasia kila unachomeza.

Wasioweza kumeza tembe huenda wakapewa zoledroneti, inayodungwa mshipani mara moja kwa mwaka. Takriban mtu 1 kati ya 3 hupata homa, baridi na maumivu ya viungo baada ya dozi ya kwanza. Mtu asiyeonywa hudhani ni malaria, akakimbilia dawa za malaria bila kupimwa. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku tatu, na parasetamoli pamoja na maji ya kutosha husaidia. Ikizidi hapo, pimwa.

Kabla ya kuanza, daktari hupima figo na kiwango cha kalsiamu katika damu. Kama kuna jino la kung'olewa, afadhali ling'olewe mapema, kwa kuwa mara chache sana mfupa wa taya hukataa kupona. Kwa waliotumia dawa miaka mingi, maumivu mapya ya paja au kinena yaripotiwe. Mara chache huashiria ufa katika mfupa wa paja.

Wanaodungwa denosumabu kila baada ya miezi sita wasikatize bila daktari kuwapa dawa mbadala, kwa sababu pingili za uti wa mgongo huweza kuvunjika baadaye.

Nawe unayemeza tembe ya wiki, ukisahau siku yako, imeze asubuhi ifuatayo, kisha urejee siku uliyoichagua. Usimeze mbili kwa siku moja.