Mitumbwi ya Hawaii na Klabu Zilizoiokoa

Watu wa kwanza kukanyaga Hawaii walifika kwa mitumbwi. Takriban miaka elfu moja iliyopita walitoka visiwa vya kusini mwa Pasifiki wakiwa na mbegu, kuku, nguruwe na watoto wao, wakiongozwa na nyota na mwendo wa mawimbi. Mababu wa mababu zao walikuwa Waaustronesia, mabaharia ambao uzao wao ulienea mashariki hadi Hawaii na magharibi hadi Madagaska. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mirengu na matengo ya ngalawa zetu yana asili kwa mabaharia hao hao. Kwa hiyo habari ya mtumbwi wa Hawaii ni habari ya chombo ndugu, na sisi watu wa pwani hatupaswi kuisikiliza kama wageni.

Kapteni James Cook alipofika mwaka 1778, mtumbwi ulikuwa chombo cha uvuvi, cha vita na cha mashindano ya machifu. Yaliyofuata yalikuwa maafa. Maradhi ya kigeni yaliwapukutisha Wahawaii, na kufikia mwaka 1890 walibaki kama 40,000 tu. Wamisionari walioanza kuingia mwaka 1820 walichukia kamari zilizoandamana na mbio, na michezo ya kale ikafifia. Mfalme Kalākaua alijaribu kuifufua: mwaka 1875 aliitenga siku yake ya kuzaliwa, Novemba 16, iwe siku ya mashindano ya majini. Lakini mwaka 1893 dada yake, Malkia Liliʻuokalani, alipinduliwa, na mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa hivyo. Mtumbwi ukabaki bila mfalme wa kuulinda.

Hapo ndipo klabu zilipoingia. Mwaka 1908 ilianzishwa Outrigger Canoe Club katika ufukwe wa Waikiki, kwa juhudi za Alexander Hume Ford, mwandishi kutoka Marekani bara. Ilikodi kiwanja kwa dola 10 kwa mwaka na kuweka mabanda ya nyasi ya kuhifadhia vyombo. Lengo lake lilikuwa jema, ila wanachama wake wa mwanzo wengi walikuwa wazungu, katika nchi ambayo wenyewe walikuwa wametoka kunyang'anywa. Wenyeji nao walikuwa na baraza lao chini ya mti kando ya hoteli ya jirani, na mwaka 1911 wakaifanya Hui Nalu kuwa klabu rasmi. Miongoni mwao alikuwa Duke Kahanamoku, aliyekwenda Stockholm mwaka uliofuata akarudi na dhahabu ya Olimpiki katika kuogelea. Ushindani wa klabu hizi mbili ulizinoa zote.

Mitumbwi yenyewe ilichongwa kwa koa, mti mgumu wa milimani ambao haumei kwa asili kwingine kokote duniani. Mmoja uliopata sifa kubwa ni Malia, uliochongwa mwaka 1933 na James Takeo Yamasaki, fundi wa asili ya Kijapani aliyeishi Kona. Waikiki Surf Club, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliupigia kafi kwa miongo mingi. Mwaka 1959 Malia ulipelekwa California kwa mbio za kisiwa cha Catalina, na huko umbo lake likachukuliwa kuwa kielelezo cha mitumbwi ya faibagilasi. Hivyo klabu ambazo zisingeweza kamwe kupata gogo la koa zikapata chombo. Mwaka 1993 Malia uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa kihistoria ya Marekani.

Mtihani mkuu wa klabu ni mlango bahari wa Kaiwi, kati ya Molokai na Oahu. Mpenzi wa mitumbwi Toots Minvielle alishawishi kwa miaka mingi kwamba mbio zingewezekana huko, na wengi waliona ni kujitakia kifo. Oktoba 1952 mitumbwi mitatu iliondoka Molokai, na ulioshinda ulifika Waikiki baada ya karibu saa tisa. Siku hizi umbali ni kama kilomita 66, na timu ya watu tisa hupokezana nafasi sita. Boti huwatupa baharini wapiga kafi wapya, mbele ya mtumbwi unaokuja kwa kasi. Waliochoka hujitosa majini upande mmoja, na papo hapo wanaoingia hudaka ukingo upande wa pili, wakajivuta juu, wakaokota kafi na kuunga mdundo. Mtumbwi hausimami. Wanawake walipata mashindano yao rasmi ya kuvuka mlango huo mwaka 1979.

Klabu hizi zimezaa zaidi ya vikombe. Mwaka 1976 Hōkūleʻa, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, kilisafiri hadi Tahiti bila dira, kikiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal. Nainoa Thompson, kijana mpiga kafi wa Hui Nalu, alijifunza kwake elimu ya nyota, na mwaka 1980 akaiongoza mwenyewe safari kama hiyo, Mhawaii wa kwanza kufanya hivyo baada ya karne nyingi.

Nguvu ya yote hayo imetoka kwa watu wasiolipwa. Kocha hutoka kazini jioni akaenda moja kwa moja ufukweni. Mama anaandikisha watoto, mzee anafunga mirengu kwa kamba, akikaza kila mzunguko, maana fundo likilegea katikati ya bahari mtumbwi utapinduka. Katika siku ya mashindano utaona watoto wa chini ya miaka 12 wakishindana asubuhi, na watu wa zaidi ya miaka 60 wakiingia majini baadaye kwa klabu ile ile. Urithi hupokelewa hivyo: kwa mtoto kukaa nyuma ya mtu mzima na kuiga kafi lake.

Hatari bado zipo. Magogo makubwa ya koa yamekuwa adimu kwa sababu ya ukataji na malisho ya ng'ombe, na ardhi ya ufukweni ni ghali mno. Hata hivyo, klabu zimestahimili vita, utalii na mabadiliko ya siasa, kwa sababu hazikumtegemea mtu mmoja.

Kwetu Lamu na Zanzibar, mbio za majahazi na ngalawa hushangiliwa sana sikukuu inapofika. Lakini shangwe za siku moja hazitoshi kumrithisha kijana ufundi wa kuchonga, kutanda tanga na kusoma upepo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ngalawa ni mali. Kila mtaa wa pwani unaoweza kupata banda la makuti, orodha ya wanachama na fundi mmoja aliye tayari kufundisha, unaweza kuanzisha klabu yake mwaka huu, wakati mafundi hao wangali hai.